Vijiti Kumi na Vitatu

Kitu cha kwanza alichofanya Ruphin Kasereka alipofunguliwa kile kisanduku ni kuhesabu. Profesa alikuwa bado anaeleza kwa hasira, lakini Ruphin alishapiga goti kando ya meza, akawa anasogeza vijiti kwa ncha ya kalamu, kimoja kimoja. Ndivyo alivyofundishwa enzi zake za polisi ya mahakama kule Uvira: kwanza hesabu, kisha gusa, halafu ndiyo usikilize. Watu wengi huanza na kusikiliza, ndiyo maana wanadanganywa.

"Iko kumi na mbili," alisema.

"Nini?"

"Vijiti, Professeur. Vile vya kwako vilikuwa ngapi?"

"Kumi na vitatu. Nimeandika hivyo kwenye vitabu viwili."

"Basi mwizi wako hakusoma vitabu vyako."

Profesa Alden Pruitt alikuwa Mmarekani wa miaka themanini na mmoja, mrefu, mkavu, jicho moja limefunikwa na mtoto wa jicho na la pili linaelekea huko huko. Miaka ya sabini alifundisha historia Dar es Salaam, akaoa huko, akajifunza Kiswahili cha huko. Tangu mkewe afariki hapa Durban alikuwa akikitafuta Kiswahili hicho kila pembe, kama mtu anayetafuta ufunguo wa nyumba aliyokwisha kuiuza. Ruphin alilinda magari ng'ambo ya barabara hiyo hiyo ya Morningside, na kila asubuhi mzee alivuka kuja kumsalimia tu, apate kusikia anaitikiwa.

Sasa alikuwa anafunga mizigo arudi kwao. Na kitu alichokithamini kuliko nyumba, vitabu na nishani zote kilikuwa kimebadilishwa.

"Nieleze tena," Ruphin alisema, akichomeka karatasi ya kaboni kati ya kurasa mbili. Kaboni siku hizi zilikuwa adimu mjini. Alizinunua kwa Mhindi mmoja mzee ambaye naye alikuwa akizihifadhi kwa mapenzi tu. "Polepole. Naandika PV."

PV ni hati ya maelezo. Kule Uvira hakuna kilichotokea mpaka kiandikwe kwenye PV na kila ukurasa utiwe saini. Ruphin hakuwa tena na cheo, ofisi, wala nchi, lakini PV alibaki nayo.

Profesa alieleza. Dola la Marekani lilipokuwa changa, liliwahitaji na kuwaogopa Wacreek, wenyeji wa ardhi ambayo leo inaitwa Georgia na Alabama. Mwaka 1790 wakuu wao walisafiri hadi New York kutia saini mkataba. Huko kulitumika karatasi na wino. Lakini Wacreek wenyewe wakitaka kumwita mtu barazani hawakuandika chochote: walituma fungu la vijiti. Aliyepokea alitupa kimoja kila asubuhi, na siku vinapokwisha awe amefika. Wazungu wa mpakani waliviita siku zilizovunjwa.

"Babu wa babu wa babu yangu alikuwa mjumbe wa serikali kule," Profesa alisema. "Aliletewa vijiti thelathini. Akatupa kumi na saba. Halafu barua yake inasema mvua ilinyesha, njia ikaharibika. Mimi nimesoma barua za watu wengine wa wiki ile, Bwana Ruphin. Mvua haikunyesha. Aliogopa, akageuza farasi. Wale wazee wakakaa barazani wakimngoja, na yeye akavitia vijiti vilivyobaki mfukoni, vikawa mali ya ukoo wetu."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi anafika mjumbe wa Wacreek kutoka Oklahoma, walikopelekwa wajukuu walipofukuzwa kwenye ardhi yao. Nimempa ahadi nitamkabidhi mkononi." Alipapasa kisanduku. "Kisanduku tulikifunga karibu wiki tatu zilizopita. Jumapili nikafungua, nikashika. Vidole vyangu bado vinaona. Hivi ni vibichi! Mtu kanichongea vya bandia. Kazi ya mtaalamu."

Ruphin aliitazama nishani ya fedha iliyolala pale pale kisandukuni, pana kama kisosi, ikimng'aria. Mtaalamu gani huyu anayebeba kuni na kuiacha nishani? Hakusema. Msomi akiibiwa hupenda aibiwe na msomi mwenzake, inamliwaza.

"Unamshuku nani?"

"Kuna Venter, muuza vitu vya kale wa Queensburgh. Alikuja mwezi uliopita, kabla hatujafunga, akavitazama sana. Na funguo anakaa nazo Marie-Claire. Kikulacho ki nguoni mwako." Marie-Claire alikuwa amemtunza kwa miaka mitatu, kumwogesha, kumpikia na kumsikiliza. "Mchungaji wake kaniomba nisubiri. Nimesubiri. Ijumaa saa sita mchana nakwenda polisi kufungua kesi."

Leo ilikuwa Jumatano. Ruphin alimwonyesha mahali pa kutia saini, akamwekea kidole chini ya mstari kwa sababu ya macho. Kisha akavitia vijiti vitatu kwenye bahasha, pamoja na kipande cha gazeti kilichokuwa kimevifunga.

"Hilo gazeti ni la hapa ndani?"

"Magazeti yote ya kufungia yalikuwa mezani," Profesa alisema.

* * *

Marie-Claire alikaa Albert Park, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla Ruphin hajaingia Afrika Kusini. Milango ilikuwa wazi kwenye korido nzima, na Ruphin alipopita, mazungumzo yalikatika mlango hadi mlango. Aliijua hali hiyo. Watu walikuwa wamekwisha kuhukumu.

"Karibu, Papa Ruphin. Kaa hapa, ile kiti ingine iko mubovu."

Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, wa Bukavu, mnene kidogo, nywele zimefungwa kitambaa cha kanisa. Alikuwa amelia, na alikuwa amekwisha kulia. Sasa alikuwa amekasirika.

"Miye sikuiba kitu."

"Sikuuliza kama uliiba. Nauliza: ile siku ya kupanga bintu, mulikuwa bangapi mu nyumba?"

"Batatu. Muzee, vieux wangu, miye, na Papa Mahomed mwenye kutengenezaka masanduku ya bois, ya mbao."

"Ile bijiti, nani alibitosha mu kisanduku?"

"Miye. Vieux alinituma nipanguze vumbi. Nilifungua ile kamba ya ngozi, nikaiweka mu enveloppe yake, nikabikunja bijiti mu gazeti, nikabiweka ku meza. Miaka tatu nasikilizaka ile hadithi, Papa Ruphin. Najua bijiti bile kuliko majina ya batoto ya shangazi. Ningebiiba nibifanye nini? Nipike na bio?"

"Halafu?"

"Halafu vieux akaanguka mu douche, kule mu bafu. Tukakimbia bote, miye na Papa Mahomed. Tukamuinua, nikamufunga goti. Papa Mahomed akarudia ku meza, akamaliza kufunga."

Ruphin aliandika. Alipofika mwisho alimsomea, na Marie-Claire akatia saini kila ukurasa, kwa mwandiko wa shule ya masista.

"Akienda polisi, njo mwisho yangu," alisema akirudisha kalamu. "Karatasi yangu ya asile, ya ukimbizi, inaisha mwezi wa kumi na mbili. Nitafika kule na jina la mwizi? Lakini iko kitu ingine inaniuma zaidi."

"Gani?"

"Siku ya kwanza, vieux alikuja hapa. Alisimama kule chini ku lango, akapiga kelele: Marie-Claire, mwizi wewe! Na Kiswahili. Angesema Kiingereza, nusu ya batu hawangesikia. Alisema na Kiswahili, kizuri kabisa, kila mutu akasikia. Ile Kiswahili tulikuwa tunaongea naye jioni."

Ruphin alitazama chini. Hakukuwa na mahali pa kuandika hilo kwenye PV, lakini aliliandika.

* * *

Mahomed alifanya kazi kwenye karakana moja ya Jacobs, akitengeneza masanduku ya mbao kwa watu wanaohama. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na sita, kofia nyeupe, ndevu zimeingiwa na unga wa mbao. Ukoo wake ulikuwa wa wale watu wa asili ya pwani ya Afrika Mashariki walioletwa Durban zaidi ya karne iliyopita. Kiswahili chao kimepita kwenye Kizulu na Kiingereza, kikatoka kizima, kimechubuka tu.

"Eish, bhuti, ndugu yangu, yule mama hakuiba," alisema bila kuulizwa. "Mimi namjua. Yeye ananipa chai kila siku."

"Wewe ndiye ulifunga kile kisanduku?"

"Mimi. Gazeti lilikuwa mezani, vijiti ndani. Nikatia, nikafunga. Sharp."

"Ulifungua gazeti kutazama?"

"Kwa nini? Nilishika, nikasikia vijiti." Alipuliza unga wa mbao kwenye randa. "Huyo mzungu anasema ni feki? Mimi sishangai. Siku hizi kila kitu ni fongkong. Viatu, betri, simu. Hata pale Grey Street, mtu nanunua kwake miaka ishirini, wiki ile ile ananiuzia fongkong. Nilikwenda kumwambia mbele ya wateja. Tukagombana kabisa."

Ruphin aliandika: *Shahidi analalamikia muuzaji wa Grey Street.* Barabara hiyo serikali imekwisha kuipa jina jipya, na mji mzima umekataa kulitumia. Hakuuliza ni kitu gani kilichouzwa. Hilo lilikuwa kosa lake, na baadaye alilikiri mwenyewe kwa kucheka: akili yake ilikuwa Queensburgh.

Alitoka nje, akampigia simu yule Venter. Venter alicheka mpaka akakohoa. Ndiyo, alikwenda, ndiyo, alitazama. Alitaka nishani, na mzee hakutaka kuiuza. Vijiti? Nani atanunua vijiti ambavyo dunia nzima inajua ni vya nani? Na nani atachonga vya bandia, wakati hata vya kweli haviuziki? Kama Ruphin akipata mnunuzi wa vijiti, alisema, amjulishe, yeye ana ua zima la miti.

Basi njia ya Queensburgh ikafungika. Ruphin alinunua kota ya maharage, ule mkate uliochimbwa tumbo ukajazwa mchuzi, akakaa kwenye ukingo wa barabara, viwanda vikivuma pande zote. Akala nusu. Akafuta vidole, akatoa kijiti kimoja kwenye bahasha, akakichubua kwa ukucha.

Harufu ikamfikia kabla hajainamisha kichwa.

Ilikuwa harufu kali, ya mzizi wenye pilipili kwa mbali. Na Ruphin Kasereka hakuwa tena Jacobs. Alikuwa Uvira, siku ya Ijumaa, nje ya msikiti, mbele ya Mzee Ramazani na kibao chake: ubani, tasbihi, wanja, na mafungu ya mizizi iliyokatwa sawasawa. Mama yake alikuwa Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, lakini kwa meno ya wanawe hakumwamini mtu isipokuwa Mzee Ramazani. Walikuwa wakisimama kwenye foleni watoto watano, kila mmoja akipewa wake, na mzee akiwachekea: nyinyi Wakristo, njooni mnitafunie duka. Ruphin alikuwa hajamfikiria kwa miaka thelathini. Alimkumbuka sasa na moyo ukamuuma, kwa mama, kwa foleni ile ya watoto ambao wawili tu walibaki hai.

Kisha akakunjua kile kipande cha gazeti na kukisoma, kazi aliyopaswa kuifanya tangu asubuhi. Profesa alisoma gazeti moja tu la Kiingereza, la bei za nyumba na kriketi. Kipande hiki kilikuwa na jedwali: Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri. Nyakati za sala za Durban.

Alirudi karakana akitembea upesi, kota yake imebaki kwenye ukingo.

"Papa Mahomed. Ile fongkong ulinunua Grey Street ilikuwa nini?"

"Miswaki."

"Ilifungwa na nini?"

"Gazeti. Yeye kila siku anafunga na..." Randa ilisimama. Mahomed alikitazama kijiti kilichokuwa mkononi mwa Ruphin, akakinusa. Uso wake ulibadilika taratibu. "Nilitoka sala ya Jumaa nayo. Nikaiweka mezani kwa Prof, nikaenda kunawa. Halafu mzee akaanguka."

"Magazeti mawili mezani. Moja ukatia kisandukuni, moja mfukoni."

"Inna lillahi." Mahomed alikaa juu ya sanduku. "Bhuti. Nilitafuna."

"Ulitafuna nini?"

"Kimoja! Asubuhi yake, kabla ya sala. Kikavu, hakina ladha, kama kutafuna kiti. Ndiyo nikaenda kumtukana yule mtu wa watu." Alishika kichwa. "Mkataba wa Wamarekani nimeutafuna."

"Na vingine?"

"Nilimpa mama."

"Na yeye akavifanya nini?"

Mahomed alikuwa anatafuta funguo za gari. "Mama yangu hatupi kitu," alisema, lakini alisema kama anayeomba dua.

* * *

Bi Kulthumu alikuwa ameketi uani Chatsworth, kwenye kivuli cha nguo zilizoanikwa, akichambua mchele. Miaka themanini na nne; mdogo kama kuku wa kienyeji na macho yake hayakukosa punje. Ruphin aliamkia, akaitikiwa, akaulizwa habari za nyumbani kwao, za mke, za watoto, za mvua ya Kongo, na akajibu yote. Mtu aliyekulia Uvira hawezi kumdai ajuza vijiti kabla ya kumjulia hali. Mahomed ndiye aliyekuwa anahema.

"Mama, ile miswaki mibovu niliyokupa?"

"Si miswaki ile. Nilikwambia. Mti gani sijui, lakini si wa kinywa."

"Iko wapi?"

Bibi alielekeza kidevu dirishani. Juu ya kizingiti palikuwa na gilasi mbili za chai. Kwenye moja, vijiti vinne, vyeusi kwa uzee. Kwenye ya pili, vitano.

"Mwezi wa Ramadhani niliumwa," alisema. "Siku tisa ninadaiwa. Sasa nalipa, Jumatatu na Alhamisi. Nikifuturu, nahamisha kimoja. Kichwa changu hakishiki hesabu siku hizi, lakini vidole vinashika."

Ruphin alivihesabu vijiti vya gilasi zote mbili, mara mbili. Tisa. "Na binne bingine, mama?"

"Vimezidi, nikavitia kwenye kopo la vifungo. Lete, Mahomed."

Kopo lililetwa, likamwagwa juu ya ungo: vifungo, bizimu, sarafu zenye kichwa cha mfalme, na vijiti vinne. Kimoja ncha yake ilikuwa imechanuka kama brashi. Mahomed aligeuza uso.

Kumi na vitatu. Ruphin alipumua, akaomba kiti, akatoa kaboni. Na kwa kuwa aliona ni haki ajue alichokuwa akikishika, alimsimulia bibi habari yote: wazee waliotuma vijiti, mjumbe aliyetupa kumi na saba akageuza farasi, wajukuu waliofukuzwa.

Bi Kulthumu alisikiliza mikono imetulia kwenye mchele.

"Sisi tulikuwa King's Rest, kule Bluff," alisema. "Shamba la msikiti, mpunga, minazi ya kwetu wenyewe. Nimezaliwa pale, nimeolewa pale. Mwanzoni mwa miaka ya sitini serikali ikasema pale si pa watu wa rangi yetu. Wazee wakaomba kikao na wakubwa. Wakasema watakuja kuzungumza. Tukatandika mikeka, tukapika biriani ya watu mia." Aliokota punje, akaitupa. "Leo mkubwa ana homa, kesho barabara mbaya. Hawakuja. Lakini karatasi ya kuhama ilipobandikwa, siku ilipofika, malori yalifika saa kumi na mbili asubuhi. Kuja kukuondoa, hawachelewi."

"Unakukumbuka sana?" Ruphin aliuliza, na alijua aliuliza kwa ajili yake mwenyewe.

"Kila siku, mwanangu. Nimekaa hapa miaka hamsini, na nikiota, naota mlango wa kule."

Kisha bibi akajipangusa unga wa mchele. "Chukua vijiti vyao. Mimi nitahesabu kwa kokwa za tende. Lakini ngoja. Huyo mama wa watu aliyeitwa mwizi, bado anaitwa mwizi hivi sasa, tukikaa hapa?"

"Bado, mama."

"Kwa miswaki yako, Mahomed?"

Mahomed, mtu wa miaka hamsini na sita, hakujua aweke wapi mikono. Bi Kulthumu aliivuta PV, akasomewa, akatia saini kila ukurasa kwa herufi za Kiarabu, polepole, bila kukosea mstari.

* * *

Alhamisi asubuhi Profesa alivipokea vijiti kwenye viganja viwili. Alivipapasa kimoja kimoja, midomo ikihesabu. Alipofika kile kilichochanuka alisimama.

"Hiki ni nini?"

"Iko mu PV, Professeur. Ukurasa wa tano. Kimetafunwa kwa nia njema, kabla ya sala."

Mahomed alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Profesa alianza kucheka. Alicheka sana, halafu kicheko kikamgeukia, akatoa leso. Alisema atamweleza mjumbe wa Oklahoma kila kitu, neno kwa neno, pamoja na meno. Alisema yeye ni mpumbavu aliyeona fitina ya wataalamu mahali palipokuwa na magazeti mawili. Kisha akakaa, akaandika barua ya kuomba radhi, nzuri, ndefu, akaitia kwenye bahasha.

"Mpelekee Marie-Claire. Mwambie Jumatatu arudi kazini. Kesi hakuna."

Ruphin alivuka mji na barua hiyo, akapanda ghorofa nne, akashuka nayo hivyo hivyo, haijafunguliwa. Saa nane alikuwa tena Morningside.

"Amekataa kuisoma," alisema. "Maneno yake niliyaandika. Anasema: hakuniita mwizi ndani ya bahasha."

"Anataka nini, basi?"

"Uende. Useme kule kule uliposemea, kwa lugha ile ile. Na si chini ku lango, kwa sababu bale ba juu hawataona uso wako."

"Ghorofa ya nne?"

"Lifti haiko."

Profesa alitazama goti lake, lile lililofungwa bandeji na Marie-Claire siku alipoanguka. "Daktari amenikataza ngazi," alisema. "Pengine Jumapili. Pengine mjumbe akishaondoka, nikiwa na nguvu..." Aliyasikia maneno yake mwenyewe, na Ruphin aliona alivyoyasikia. Mzee akanyoosha mkono kutafuta fimbo.

Mahomed aliendesha. Ngazi ziliwachukua nusu saa, kwa vituo. Kila ngazi zilipopinda Profesa aliegemea ukuta, kijasho chembamba kikimtoka, akakataa kubebwa. Habari zilimtangulia. Walipofika juu korido ilikuwa imejaa: akina mama wenye vitana vya kusukia mikononi, vijana wa maduka ya simu, mchungaji mwenyewe. Marie-Claire alisimama mlangoni pake, mikono imekunjwa kifuani.

Profesa alivua kofia. Pumzi haikutosha, akasubiri itoshe.

"Mimi ndiye niliyemwita mama huyu mwizi," alisema, kwa kile Kiswahili chake cha Dar es Salaam, kila silabi mahali pake. "Nilisema uongo. Hakuiba. Alinitunza kama mtoto wake, nami nikamvunjia heshima mbele yenu. Mkosaji ni mimi."

Marie-Claire aligeuza kichwa, akatazama mlango mmoja uliofungwa.

"Mama Tina hakusikia," alisema. "Njo yeye aliniondoa mu chorale, mu kwaya ya kanisa. Mungoje."

Mtu akagonga. Ikabidi Mama Tina azime jiko, avae kitenge, atafute kandambili. Mzee aliyeandika vitabu viwili alisimama akitetemeka juu ya fimbo, akamngoja. Mlango ulipofunguka alirudia yote tangu mwanzo, bila kufupisha neno, na safari hii sauti ilimkatika pale kwenye *alinitunza*.

Marie-Claire aliingia ndani. Akatoka na kile kiti kizima, akakiweka chini ya mzee, akamshika kiwiko mpaka akakaa. Akapiga goti, akatazama bandeji.

"Nani alifunga hii? Iko inakaza mubaya."

"Mimi mwenyewe, tangu uondoke. Marie-Claire, Jumatatu utarudi?"

Alikuwa anafungua bandeji, mizunguko yote, bila kuinua macho.

"Kazi tutaiongea kesho, vieux," alisema. "Leo nilikuwa nafwata jina yangu."